Mlango Unaogongwa Mara Tatu

Kuna mlango huku kwetu hauna kufuli wala komeo, na mwenye nyumba yumo ndani amekaa anakungoja. Lakini ukigonga mara moja ukaondoka, hufunguliwi mpaka unaingia kaburini. Ni nini?

Nimewatega wengi kwa kitendawili hiki. Watu wa Oslo hawakiwezi kabisa. Mmoja aliniambia ni ofisi ya kodi. Nikamwambia ile hufunguka upesi, tena hata kabla hujagonga. Preben ndiye aliyekuja kukitegua, akakitegua kwa jasho, na kwa sababu hiyo ofisi yetu ingali hapa magharibi, na mimi ningali napika.

Nilikuwa, na bado niko, mpishi wa kantini katika ofisi ya manunuzi ya jeshi la majini, nje kidogo ya Bergen. Ofisi hiyo hainunui sabuni wala soksi. Inanunua manowari. Mwaka ninaousema kulikuwa na mradi wa manowari tano mpya, mradi wa miaka kumi na miwili, fedha zake zikiwa na sifuri nyingi hata nikajiuliza kama karatasi ilitosha. Meneja mkuu wa mradi alistaafu baada ya Krismasi akaenda kufuga kondoo, kiti chake kikabaki kitupu. Basi makao makuu yakamleta Preben Løvenholt kutoka Oslo, afisa wa ajira, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye tai nzuri na viatu visivyojua mvua. Kazi yake ilikuwa moja tu: apate mtu wa kukaa kwenye kile kiti.

Alhamisi yake ya kwanza aliniharibia siku. Alhamisi huwa naoka vikeki vya pasi, vile vyembamba vinavyobanwa katikati ya vyuma viwili vya moto vikatoka na umbo la mioyo mitano. Napaka jamu ya stroberi, naweka vipande vya jibini ya kahawia, napitisha sahani mezani. Nikaanza na mgeni, kama ilivyo adabu.

"Karibu kikeki, Preben."

"Asante," akasema, akachukua.

Akachukua hivyo hivyo. Mhandisi mmoja akaweka kikombe chake mezani polepole, kama mtu aliyeona ajali barabarani.

Kwetu mtu mzima hukataa kwanza. Unamkaribisha, anasema hapana, ameshiba. Unamsihi. Anasema hapana jamani, wape wenye njaa. Unamsihi mara ya tatu, anavuta pumzi, anasema basi kidogo tu, aonje, na hapo anakula vinne. Ndivyo tulivyolelewa. Anayechukua mara ya kwanza ana njaa ya aibu, na anayekaribisha mara moja tu hakutaka ule.

Mezani siku hiyo alikuwepo pia Ragna Tveitane. Ragna hakuwa mfanyakazi wetu. Alikuwa msimamizi wa karakana ya kutengeneza meli ng'ambo ya ghuba, na kila Alhamisi alivuka kwa feri kuja kuzungumza na wahandisi wetu kuhusu kutu ya zile manowari za zamani. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mabega mapana, sauti ndogo. Mabuti yake ya karakana yana grisi, kwa hiyo sharti langu ni moja: ayaache mlangoni, aingie na soksi. Nikamfikia na sahani.

"Karibu kikeki, Ragna."

"Hapana Bibi, nimekula nyumbani."

"Chukua kimoja."

"Wape vijana."

"Ragna, vinapoa."

"Haya, kidogo tu," akasema, akala vitano. Preben alikuwa anatazama, lakini kutazama siyo kuona.

Tangazo la kazi lilitoka mwezi wa tatu. Nililibandika mwenyewe kwenye ubao wa kantini, kati ya ratiba ya kwaya na tangazo la paka aliyepotea. Anatakiwa mtu aliyewahi kusimamia mikataba mikubwa ya meli, anayejua wajenzi, anayejua wanajeshi, na anayejua kuwaambia wote wawili hapana. Nilipolisoma nikacheka peke yangu. Ilikuwa kama mtu amechora picha ya Ragna akasahau kuandika jina chini yake. Alikuwa mhandisi mkuu jeshini miaka kumi, na ile meli ya kutegua mabomu iliyochelewa miaka miwili, yeye ndiye aliyekwenda kuitoa mikononi mwa wajenzi kabla ya mwaka wa tatu. Kila mtu ofisini aliliona hilo. Hakuna aliyesema, kwa maana hakuna aliyeulizwa.

Waombaji walikuwa kumi na mmoja. Preben aliniletea orodha kantini siku ya kufunga, uso umemlegea.

"Bibi Borghild, huyu daktari wa meno anataka nini kwenye manowari?"

"Labda zina meno."

"Na huyu? Amewahi kuomba kazi ya kulinda mnara wa taa, kazi ya uaskofu, na sasa hii."

"Huyo namjua. Huomba kila kazi ya serikali inayotangazwa. Asipoomba anaugua."

"Basi amebaki huyu mmoja wa kweli," akasema, akaweka kidole kwenye jina la bwana mmoja wa kiwanda kikubwa cha meli. "Huyu atatufaa."

Huku kwetu ukiomba kazi ya serikali, jina lako si siri. Lina orodha yake, na orodha hiyo yeyote anaweza kuiomba, na gazeti huiomba kila mara. Asubuhi ya tatu bwana yule wa kweli alionekana gazetini, jina, umri na mtaa wake, na bosi wake alimsoma huku akila yai. Kabla ya saa nne alikuwa ameshapiga simu kwa Preben kuondoa maombi yake. Ndiyo sababu watu wengi wazuri hawakuomba kabisa. Kuonekana unataka ukubwa ni aibu, na kuonekana unautaka kisha unyimwe ni aibu yenye picha.

Wakatangaza tena mwezi wa tano. Safari hii barua ilifuata kutoka Oslo. Preben aliisoma akiwa amesimama kwenye dirisha langu la kutolea chakula, akaisoma tena, kisha akanipa na mimi niisome. Ilikuwa fupi. Kama hadi Ijumaa kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita, hapatakuwa na meneja aliyekubali kazi, mradi utahamishiwa makao makuu. Pamoja na meza zake, ilisema. Meza arobaini na mbili.

"Wanahesabu meza," nikasema. "Wanaokaa hapo hawakuwahesabu."

"Mke wangu amejiunga na kwaya juzi," Preben akasema. "Watoto wameanza kuongea kama watu wa huku. Tukirudishwa Oslo nitawaambiaje?"

Nikampa kahawa. Hakukataa hata mara moja, maskini, akaipokea kwa mikono miwili.

Nadhani siku hiyo ndipo mtu alipomnong'oneza jina la Ragna, maana Alhamisi iliyofuata alikaa naye meza moja. Ilikuwa imebaki wiki moja kufunga maombi. Mimi nilikuwa nasugua pasi ya vikeki dirishani, na masikio yangu hayajastaafu.

"Ragna," akasema, "nimeambiwa unaifahamu kazi hii kuliko mtu yeyote. Je, ungependa kuomba?"

Ragna akawa mwekundu hadi shingoni. "Mimi? Hapana. Wapo watu wa kazi hiyo."

"Nimekuelewa," Preben akasema kwa heshima zote. "Samahani kwa kukusumbua. Asante kwa kusema wazi."

Akainuka, akachukua kalamu mfukoni, akalikata jina kwenye daftari lake. Ragna alibaki anaitazama ile kalamu. Kisha akaitazama sahani yake. Aliacha nusu ya kikeki, na Ragna sijawahi kumwona akiacha nusu ya kitu chochote.

Nikamwita Preben dirishani.

"Mjukuu wangu, kitendawili."

"Bibi, si leo."

"Leo ndiyo siku yake. Kuna mlango hauna kufuli wala komeo, mwenye nyumba yumo ndani anakungoja, lakini ukigonga mara moja ukaondoka hufunguliwi mpaka kaburini. Ni nini?"

"Sijui. Oslo."

"Hujajaribu. Ragna amekula vikeki vingapi tangu uje hapa?"

"Sasa hilo linahusu nini?"

"Jibu."

Akafikiri. "Vingi mno."

"Na huwa nampa mara ngapi kabla hajachukua?"

Nikamwona anahesabu nyuma, Alhamisi moja baada ya nyingine. Akageuka kutazama meza ya Ragna, lakini Ragna alikuwa ameshaondoka kuwahi feri.

"Tatu," akasema. "Kila mara tatu."

"Na wewe umemkaribisha mara ngapi kwenye manowari tano?"

"Lakini Bibi, amesema hapana. Sisi tumefundishwa kwamba hapana ni hapana. Tumesomea hilo siku mbili, tukapewa na cheti."

"Na cheti kimesema kweli. Mtu akikataa, mwache, katika mambo yote ya mwili na ya moyo. Mimi nasema juu ya meza na chakula, na kazi kwetu ni chakula. Na hata hapo usisikilize mdomo peke yake. Tazama miguu. Mwenye hapana ya kweli huisema amevaa viatu, mkono uko kwenye kitasa. Ukiona mtu anasema hapana huku anavua viatu, huyo hajakataa. Anakuuliza kama una hakika."

Preben akaitazama ile kalamu mkononi mwake kama kwamba imemuuma.

Jumatatu alivuka kwa feri kwenda karakanani. Nilimpa vikeki kwenye kopo, maana mikono mitupu haigongi vizuri. Alirudi alasiri, suruali imepata grisi gotini, koti limelowa, amesimama mbele yangu haelewi kama amefaulu au amefeli.

"Nimemuuliza tena. Nimesema bila yeye sina mtu."

"Akasemaje?"

"Akasema hapana, yeye ni mtu wa kutu tu."

"Kisha?"

"Kisha amenitembeza karakana nzima, saa mbili. Amenionyesha mashine moja moja. Amenieleza wajenzi wa nje hudanganya wapi kwenye ratiba, na utajuaje. Amenieleza kwamba mkataba wa meli tatu za mwanzo usainiwe peke yake na mbili zisubiri. Amenichorea kwenye mfuko wa saruji."

"Mfuko uko wapi?"

Akautoa kwenye koti, umekunjwa vizuri.

"Amevua viatu huyo," nikasema. "Imebaki moja. Lakini usimkimbilie. Ya tatu huulizwa mezani."

Siku ya kufunga maombi ilikuwa Alhamisi, mwisho saa kumi jioni. Kufikia mchana walikuwa wameomba wawili. Mmoja alikuwa yule mpenzi wa kazi zote. Wa pili alikuwa bwana mmoja wa kampuni ya mafuta ya Stavanger, barua yake kurasa ishirini na picha yake juu, na kwenye ukurasa wa mwisho sharti dogo: kazi ataifanya akiwa Oslo, maana ana nyumba huko. Kwa hiyo akichukuliwa yeye, tutakuwa tumempata meneja na tumezipoteza meza.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha kwa ubavu. Feri ilichelewa. Preben alikula mkate wake na samaki wa kopo bila kuangalia anachotia mdomoni. Saa tisa kasorobo mlango ukafunguka, Ragna akaingia, akayaacha mabuti penye kona yake, akakaa. Nilipitisha sahani nikaifanya ndefu ile safari, nikaanza na walio mbali. Nilipomfikia nikamsihi mara tatu kama kawaida, na alipochukua tu, Preben akavuta kiti.

"Ragna, nakuuliza mara ya tatu. Utaiomba kazi hii?"

Kantini nzima ikapata shughuli. Mmoja akakoroga kahawa isiyo na sukari. Mwingine akasoma tangazo la paka, na paka alishapatikana tangu Pasaka.

Ragna akavuta pumzi.

"Kama kweli hakuna mtu mwingine," akasema, "naweza kuitazama hiyo fomu."

"Ninayo hapa. Tunaweza kuijaza sasa hivi, bado saa nzima."

"Ah, hakuna haja," akasema, akaufungua mkoba wake taratibu, akatoa bahasha. "Nilikuwa nimeandika kitu kidogo. Ili mradi."

Preben akaifungua. Mimi nilikuwa nyuma yake nikipangusa meza iliyokwisha panguswa. Barua ilikuwa nusu ukurasa, na tarehe yake ilikuwa siku ileile lilipotoka tangazo la kwanza, mwezi wa tatu. Ilikuwa imekaa mkobani miezi mitatu, inavuka ghuba kwa feri kila Alhamisi kwenda na kurudi, inangoja kuulizwa.

Preben akainua macho akanitazama. Nikamwambia kwa midomo tu: mlango.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, maana Jumanne ulikuja usaili, na usaili ulikuja na Kamanda Nymo.

Kamanda Oddbjørn Nymo ndiye angeipokea meli ya kwanza, kwa hiyo neno lake lilikuwa zito. Ni mtu wa kaskazini kabisa, kule ambako mtu huita jembe jembe kisha anakutukana nalo. Wao hawana mchezo wa mara tatu. Ukimkaribisha mtu wa kaskazini anakula, na asipotaka anakwambia chakula chako kibaya. Alimpenda bwana wa Stavanger tangu mwanzo. Yule bwana aliongea saa nzima, na mimi nilipoingia na chupa ya kahawa nilimsikia akisema "mimi" mara tisa kabla vikombe havijajaa. Alipotoka, Kamanda alipiga meza kwa kiganja.

"Huyo anajijua. Mlete wa pili, tumalize."

Ragna akaingia na koti lake la kanisani. Kamanda aliishika ile nusu ukurasa kwa vidole viwili.

"Manowari tano, na unaniandikia nusu ukurasa. Shetani na bibi yake, hata mimi nikiagiza viazi naandika zaidi."

"Usiape kwa bibi mbele ya bibi," nikamwambia, nikimjazia kikombe.

"Samahani, Bibi. Ragna, hapa umeandika 'nimeshiriki kidogo katika kupokea meli.' Umeshirikije?"

"Nilikuwepo," Ragna akasema.

Kamanda akaandika kitu kwenye karatasi yake, na nilivyoona mkono ulivyokwenda, kilikuwa kifupi na hakikuwa kizuri. Nikamtazama Preben. Nilitaka kumkanyaga mguu, lakini haikuwa lazima. Alikuwa ameshaisogeza sahani ya vikeki mbele ya Ragna.

"Ulikuwepo," Preben akasema kwa upole. "Pamoja na nani?"

"Walikuwepo watu."

"Ile meli ya kutegua mabomu, iliyochelewa miaka miwili. Walikuwepo watu gani siku ilipotoka kwa wajenzi?"

"Ah, ilikuwa kazi ya wengi."

"Ragna, karatasi ya kuipokea ilisainiwa na nani?"

Akavuta pumzi. "Na mimi."

"Na mwaka mmoja kabla, nani alikwenda kuishi kwenye kile kiwanda miezi saba?"

"Palikuwa na baridi huko," Ragna akasema. "Sikupenda. Lakini nilipofika niligundua wanatuonyesha ratiba moja, na wao wanafuata nyingine. Basi nikaomba ile nyingine."

"Wakakupa?" Kamanda akauliza.

"Hapana. Nikaomba tena."

"Mara ngapi?"

Ragna akamtazama kama mtu aliyeulizwa mvua hunyesha vipi. "Tatu," akasema.

Kutoka hapo akafunguka. Sikusikia yote, maana chupa ya kahawa ina mwisho na nilikuwa nimeshairudia mara tatu na mimi. Lakini nilipopita mara ya mwisho, ule mfuko wa saruji ulikuwa umetandazwa mezani, na Kamanda alikuwa amevua miwani amelala juu yake kifudifudi, karibu ausome kwa pua.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho, na saa sita mchana ndiyo ilikuwa kikomo cha Oslo. Kamati ilikuwa imekubaliana, na Ragna alikuwa wa kwanza. Bwana wa Stavanger alikuwa wa pili, amekaa karibu na simu yake. Kamanda alitaka kumpigia Ragna alfajiri ili wamalize, lakini Preben akasema hapana, kazi kama hii haitolewi kwa simu, aitwe mezani. Feri ikamleta saa tano na nusu. Akaacha mabuti, akakaa. Sikuwa nimeoka vikeki siku ya Ijumaa miaka ishirini na sita, lakini siku hiyo nilioka.

Kamanda hakusubiri hata jamu.

"Ragna Tveitane, tumekuchagua. Kazi ni yako. Unaichukua?"

"Hapana," Ragna akasema. "Hapana, hii ni kubwa mno. Lazima yuko anayefaa zaidi."

Rangi ikamtoka Kamanda. Akatazama saa ya ukutani, akamtazama Preben, akaishika simu yake. "Basi itabidi nimpigie yule wa Stavanger. Bado dakika ishirini na tano."

"Kamanda," Preben akasema, "weka simu chini."

"Kijana, mtu amekataa mbele ya macho yangu."

"Ameshasema moja. Kunywa kahawa." Na yule kijana wa Oslo, aliyekuja kwetu hajui hata kula, akainuka mwenyewe, akachukua sahani mikononi mwangu, akampelekea Ragna. "Tunakuomba, Ragna. Watu wa ofisi hii wanakuomba."

"Ninyi mna huruma," Ragna akasema. "Lakini mimi sijazoea kukaa kwenye kiti kikubwa hivyo. Mtajuta."

"Mbili hizo?" Kamanda akaninong'oneza.

"Mbili," nikamwambia. "Na ukiwa na wasiwasi, tazama mlangoni."

Akageuka. Penye kona yale mabuti mawili yalikuwa yamesimama, yanachuruzika maji, pua zimeelekea ndani. Mwenyewe alikuwa mezani, soksi za sufu, miguu imepishana chini ya kiti kama ya mtu aliyefika kwake. Kamanda Nymo aliyatazama yale mabuti kwa muda. Kisha akaweka simu mezani kifudifudi, akakohoa.

"Ragna," akasema, na sikujua kwamba sauti ile ina upande laini, "meli ya kwanza nitaipokea mimi. Nitalala ndani yake, na mabaharia mia na ishirini watalala ndani yake. Nataka iwe imesainiwa na mtu anayeomba ratiba mara tatu."

Kantini ilikuwa imejaa. Meza zote arobaini na mbili za juu zilikuwa tupu na wenyewe walikuwa wamesimama ukutani wanajifanya wana njaa. Ragna akavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Kama hakuna mwingine. Kidogo tu, tuone."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Preben alikimbia ngazi na viatu vyake vya Oslo kwenda kutuma jibu, akateleza, akainuka, akaendelea. Ragna akavuta sahani, akala vitano.

Sasa ni mwaka wa tatu. Meli tatu zimesainiwa, mbili zinasubiri, kama ulivyosema mfuko wa saruji. Ragna hutumia ofisi ile kubwa yenye dirisha la ghuba, na bado huacha mabuti kwangu. Meza bado ni zile zile.

Preben ndiye aliyenishinda. Amekuwa mwenyeji kupita wenyeji. Alhamisi iliyopita nilimkaribisha kikeki, akasema hapana, ameshiba. Nikamsihi, akasema wape vijana. Nikamsihi mara ya tatu, akasema hapana Bibi, kweli, siwezi. Na miguuni alikuwa na soksi. Nikasimama na sahani sijui la kufanya, kwa maana mara ya nne haimo katika desturi. Kamanda Nymo alikuwa amekuja kuangalia michoro, amekaa pembeni yake. Akanyoosha mkono, akachukua kikeki cha Preben bila kuulizwa hata mara moja, akakila chote.

"Huyu mlango wake umeharibika, Bibi," akasema. "Umeugonga mno."